Profesa Eulalia Sacalxot na Chumba Kilichogoma Kuwa Ofisi

Tarehe 30 Novemba, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha uchoraji chuoni kwetu, Profesa Eulalia Sacalxot anastaafu. Anayetaka wasifu wa kusinzia nao atafute jarida jingine. Mama huyu hakuwahi kumpa mtu usingizi.

Alizaliwa Almolonga, katikati ya kabichi na vitunguu, akasomea Meksiko, akarudi hapa Quetzaltenango na picha zake zimeviringishwa kwenye mikeka juu ya basi. Chuo wakati huo kilijua sanaa ya aina moja tu: picha za wakuu wa chuo waliokufa, ndani ya fremu za dhahabu. Yeye akatundika kazi za wachoraji walio hai kwenye bwalo la chakula, kwa hoja kwamba mtu mwenye sahani ya maharage mkononi hawezi kukimbia.

Kelele zikaanza. Wakili Rigoberto Mazariegos wa Kitivo cha Sheria alitangaza mbele ya foleni nzima: "Hata mwanangu wa darasa la pili angechora hivi!"

"Mlete, kaka," Profesa akajibu huku akitafuna. "Nina kiti kitupu."

Hakumleta. Alikuja mwenyewe, tena na tena, na leo hakuna anayeitetea picha ile aliyoikejeli, ya buluu, ambayo sasa iko ngazini, kwa ukali kama yeye.

Hatimaye Profesa alipewa stoo ya zamani, akaigeuza chumba cha maonyesho. Hapo ndipo vita vilipoiva. Mkuu wa chuo wa enzi hizo, Dakta Anselmo, aliamua chumba kiwe ofisi ya wahasibu. Wiki ya Mateso, wapagazi walifika na meza mabegani, wakakuta mlangoni, ukuta hadi ukuta, pametandikwa zulia la unga wa mbao wenye rangi, maua na ndege, kama tunavyotandika barabarani Ijumaa Kuu. Na nani hapa kwetu atakanyaga zulia kabla sanamu ya Bwana haijapita juu yake katika maandamano? Meza zikatuliwa chini.

Mkuu akaja mbio. "Ni vumbi tu hilo! Piteni!"

"Haya, Mzee, tangulia," akasema don Casimiro, kiongozi wa wapagazi. "Sisi tuko nyuma yako."

Dakta Anselmo alikuwa mbebaji wa sanamu hiyo ya maandamano tangu ujana wake. Akainua mguu. Mguu ukaning'inia hewani, kisha ukarudi ulikotoka.

"Mama, umenitega," akanung'unika.

"Sijakutega, Mzee. Nimekuchorea."

Wahasibu walitafutiwa mahali pengine. Nanyi mnaodai kwamba watu wetu hawaielewi sanaa ya leo, nyamazeni kidogo. Mji unaochora barabara nzima kwa mikono yake ili ikanyagwe asubuhi hauhitaji kufundishwa kwamba picha si lazima idumu ili iwe kweli. Profesa Eulalia alilijua hilo, akatujengea juu yake. Wanafunzi wake wanachora kuanzia Huehuetenango hadi Managua, na hakuna hata mmoja anayechora kama yeye. Kama wangemwiga, angeona aibu.

Mwaka huu minong'ono ilirudi: mama akiondoka, meza ziingie. Tulipomwandalia sherehe alikataa katakata. "Msinipikie tamale. Niambieni kwanza, chumba kinabaki au hakibaki?" Kwa sisi tuliomjua miaka yote hiyo, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiomba jibu bila kutania.

Alhamisi iliyopita Baraza la Chuo liliamua. Chumba kinabaki, na mwanafunzi wa zamani wa Profesa, Mwalimu Otilia Yac, ameajiriwa kukiendesha. Profesa alipopewa habari hakushukuru mtu. Alimgeukia Otilia.

"Unaanza na nani?"

Otilia akamtaja mchoraji mmoja kijana wa Cobán.

"Yule? Kazi zake sizipendi hata kidogo!"

"Najua, Mama."

Profesa akamkumbatia kwa nguvu. "Basi umeanza vizuri, binti yangu."

Asante, Mama, kwa kutufundisha kugombana mbele ya picha na kubaki ndugu. Nenda kapumzike, au kachore, au kagombane kwingine. Afya na furaha zikufuate kokote.