Ng'ombe wa Mahari

Asmahani, fundi cherehani wa Tabora, alikuwa akienda Bukene kumjulia hali dada yake, na safari ya treni ni ndefu kwa mtu asiyesikiliza ya wenzake. Kwa hiyo alisikiliza.

Mbele yake mzee Prosperi wa Ulyankulu alikuwa amekwisha kujua kwamba binti aliyeketi naye, Stela, ni mtafiti wa magonjwa ya mifugo. "Ndama wote wa wakwe wa mwanangu huko Bukene wamekufa kwa ugonjwa wa miguu na midomo," alimwambia. "Wanasema ugonjwa umekuja na ng'ombe wa mahari yake. Sasa wamemzuia bibi harusi."

"Pole, baba," alisema Stela. "Kirusi hubadilika kadiri kinavyoenea, kama ukoo unavyoongeza vizazi. Tumepima cha kwenu na cha Bukene. Cha Bukene ni mtoto wa kile cha Ulyankulu."

"Kwa hiyo ni ng'ombe wangu."

"Kimetoka huko. Zizi la nani, kipimo hakisemi."

"Basi shuka nami ukawaambie kimetoka kwingine."

"Siwezi, baba. Nikidanganya tutaziba njia ambayo ugonjwa haukupitia, na ndama wengine watakufa."

"Na mwanangu akose mke kwa ajili ya ndama wa watu?"

Asmahani alianza kushusha mzigo wake, masikio bado kwao.

Treni ikasimama Bukene. Stela alikuwa akishukia hapohapo, lakini alibaki ameketi mpaka mzee alipotangulia.