Nyoka Aliyemeza Yai la Kaure

Bibi Kinue alipanda basi na nyoka kikapuni, na jirani yake wa kiti, Mzee Gensaku, hakujua acheke au akimbie. "Ndiye mlinzi wa nyumba yetu," bibi alimwambia. "Kameza yai bandia la kaure, udongo wa vikombe vya chai, tunalowatilia kuku kiotoni ili watage. Akifa, bahati yetu imezikwa naye."

"Na kichwa kidogo hivyo? Limepitaje?"

"Taya zake zinaachana, babu. Ungekuwa nazo wewe, ungemeza basi na dereva."

"Si atambae, lisagike?"

"Mbavu zinasukuma, nundu inakwama. Na kaure haisagiki!"

"Si alitapike?"

"Likimkaba kooni?"

"Kwani koo lake linaishia wapi?"

Bibi alichungulia kikapuni kulitafuta. Basi liliposimama kwa daktari wa mifugo, Gensaku, ambaye kituo chake kilikuwa bado mbali, alishuka naye akimshikia kikapu.