Tangazo Nililobandika Mlangoni Mwangu

Bwana asifiwe, kanisa la Igogo! Asifiwe mchana kweupe, maana alichonitendea hakukitenda mafichoni.

Mnanijua, Mama Imani, mshona sare za kwaya. Nilizaliwa Burundi. Niliingia nchi hii mgongoni mwa mama, na wanangu wote nimewazaa hapa Mwanza. Lakini mwenye nyumba wangu, kila tulipokwaruzana, alikuwa na neno moja: "Endelea tu, nitawaita Uhamiaji." Ndugu zangu, nilinyamaza miaka. Mashati yake nilimshonea bure!

Nilipoamua kuomba uraia, wenzangu walinivuta pembeni. "Dada, sema wewe ni Mha wa Kasulu, upande huu wa mpaka. Lugha si zinafanana? Nani atajua?" Nikawaambia, Mungu hakunivusha mpaka ili nimkane mama yangu. Nikaandika Burundi.

Sasa sikilizeni. Mwombaji hutangazwa gazetini, na mwenye sababu ya kumpinga hutakiwa aandike kwa wahusika, kama ndoa zinavyotangazwa hapa kanisani. Gazeti lilipotoka, niliogopa. Nilijua ni nani angeshika kalamu. Nikaomba pale pale kwenye cherehani, mguu ukiwa kwenye pedeli, na ile hofu ikanitoka kama homa inavyotoka na jasho. Haleluya! Nikachukua mkasi, nikalikata tangazo, nikalibandika mlangoni, pale ambapo mwenye nyumba hawezi kupita bila kuliona.

Akasimama, akasoma. "Mama Imani, umejianika!"

"Kama dagaa, baba. Unataka kupinga? Kalamu hii hapa."

Wapangaji wakacheka hadi uani. Kama aliandika, Mungu anajua; mimi sikuuliza. Niliitwa kwenye usaili, nikaulizwa kwetu wapi. Nikajibu bila kumeza mate: nimezaliwa Burundi, kwetu Igogo.

Ndugu zangu, nimeapa! Cheti ninacho! Asante, Yesu! Juzi mwenye nyumba alileta shati lenye kola iliyochakaa. Nikalipokea kwa heshima zote, nikamtajia bei.

Na wewe uliyekaa humu na Kasulu ya kuazima, sikutaji. Mtegemee Mungu, hahitaji uongo wako ili akutetee. Mwenye pingamizi naye asihangaike kunong'ona. Tangazo bado liko mlangoni. Aje asome.