Nilizima Simu ya Mume Wangu Kisiwani Pemba

Ndugu zangu, Yesu yu hai! Hebu itikieni vizuri jamani. Wengi mnanijua. Mie ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaa hapa hapa Boko, na mume wangu ni Elia, fundi wa mafriji. Tuna miaka minane ya ndoa na mtoto bado hatujajaliwa. Nimesimama kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa kwenye uongo. Msitafute mchawi kwenye ushuhuda huu, wala jirani mwenye wivu. Uongo ulikuwa wangu mwenyewe!

Sie tulikuwa tunapenda kusafiri. Kupenda haswa! Shule zikifungwa tu, kila mtu na begi lake la mgongoni, hao, tunaondoka. Tumekwenda Mafia, tumekwenda Kilwa Kisiwani, tumevuka hadi Lamu. Tumepanda treni mpaka Zambia, tukafika Lusaka tumechoka hoi, nywele zimejaa vumbi. Kampala tulipotea siku nzima, na kila tuliyemuuliza njia alikicheka Kiswahili chetu cha Dar. Elia popote tulipofika alikuwaga anaanzia sokoni. Anauliza nyanya fungu bei gani, kisha anashukuru na kuondoka bila kununua. Nairobi mama mmoja alimtukana kwa ajili hiyo, tukakimbia huku tunacheka mpaka mbavu zikauma. Ndugu zangu, nayakumbuka hayo yote. Hata juzi nimesikia mtu anauliza bei ya nyanya hapo sokoni kwetu, nikageuka haraka nikidhani ni yeye.

Sasa, nyumbani hatukuwa tunasema ukweli. Mnajua kwetu mtu anasafiri kwa msiba, kwa harusi au kwa kazi. Watu wazima wawili, hawana mtoto, eti wameenda kuangalia visiwa! Wangetuelewaje? Mie ndiye niliyetunga. Nikasema tunakwenda semina ya wanandoa, Morogoro. Kila likizo semina, Morogoro! Mama mkwe wangu, aliyekuwa anakaa Mwananyamala, alifurahi sana. Akawa kabla hatujaondoka anayawekea mikono mabegi yetu na kuyaombea. Tukirudi, akina mama wa kanisa wananiomba nifundishe tuliyojifunza huko. Nami nafundisha! Nilisimama hapa hapa nikafundisha uaminifu katika ndoa, siku mbili tangu nitoke kuogelea Mafia. Wengine wenu mliandika kwenye madaftari. Nisameheni.

Basi ikafika likizo ya Desemba, mwaka juzi. Tukaenda Pemba. Mama mkwe alikuwa na presha lakini tulimwacha anatembea vizuri tu, anatania watu. Siku yetu ya mwisho tukavuka kwenda kisiwa cha Misali. Maji yale, jamani! Unaona miguu yako mpaka kucha. Elia akiingia majini huwa ananiachia simu yake; yangu siku za safari nilikuwaga naiacha nyumbani. Nimekaa kwenye kivuli, ikaanza kuita. Naangalia, wifi yangu Subira, dada yake Elia wa Gongo la Mboto. Sikupokea. Ningepokeaje na watu wanapiga kelele za bahari nyuma yangu? Morogoro ina bahari? Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu, mara ya nne. Moyoni nilijua kabisa mtu hapigi mara nne kwa salamu. Lakini nilimwangalia mume wangu majini, anacheka na watoto wa wageni, nikajisemea, nipe siku hii moja tu, kesho tutarudi kwenye shida zao. Nikaizima simu! Alipotoka nikamwambia chaji imeisha. Akasema, "Ah, nilisahau kuchaji," akarudi majini.

Tulipofika bandarini jioni nilijifanya naichaji dukani, nikaiwasha, ujumbe wa Subira ukaingia. Mama mkwe alikuwa ameanguka asubuhi ile. Alikata roho saa saba mchana, na kabla ya hapo alikuwa anamuulizia Elia. Subira alimpigia ili mama asikie sauti ya mwanawe tu, basi.

Tulifika Mwananyamala kesho yake, turubai limeshafungwa na watu wamekaa kwenye mikeka. Mzee mmoja wa ukoo akaangalia viatu vyetu vina mchanga mweupe, akauliza hiyo Morogoro siku hizi ina pwani? Mie nilitaka ardhi ipasuke. Elia akasimama mbele ya wazee wote, akasema, "Shikamooni wazee wangu. Tuliwadanganya. Tulikuwa Pemba, tunatembea tu. Na simu yangu iliisha chaji kwa uzembe wangu." Akabeba aibu yote peke yake. Nami nikanyamaza! Nikajifunika khanga, nikalia kama wafiwa wengine.

Ndugu zangu, tangu siku ile nyumba yangu ilipoa. Elia hakunigombeza hata mara moja, na hilo ndilo lililokuwa linaniua. Alijichukia yeye. Akawa kila akitoka anaangalia simu yake mara kumi kama ina chaji. Mabegi akayapandisha juu ya kabati. Nikimwambia likizo imefika, twende hata Bagamoyo tukarudi, anasema, "Mie siwezi tena, mke wangu, nenda tu." Nitaenda na nani? Nilimtamani mume wangu na alikuwa amekaa mbele yangu anakunywa chai! Nikaombewa kwa ajili ya mtoto, nikaombewa tumbo maana chakula kilikuwa hakishuki, nikafunga siku saba. Kumbe ninaombewa kila kitu isipokuwa kile chenyewe.

Mwaka huu, Alhamisi moja alasiri, ibada ya nyumbani ilikuwa zamu yetu. Mlikuwepo baadhi yenu. Elia akaombewa, naye akaanza kuomba kwa sauti, akalia, "Bwana, nisamehe, mama yangu aliniita, mie nimeshindwa hata kuchaji simu." Mtu mzima analia hivyo mbele za watu kwa dhambi ambayo si yake! Nikasema, Yesu, leo ama nafungua mdomo ama nakufa na uongo huu.

Mlipoondoka alikuwa anaosha vikombe. Nikamwambia yote, nimesimama palepale mlangoni. Hakupiga kelele. Alikausha mikono yake pole pole, akauliza kitu kimoja tu, "Alipiga mara ngapi?" Nikasema nne. Akachukua shati lake, akaondoka kwenda kwa dada yake, Gongo la Mboto.

Mtanishangaa, lakini siku hiyo nilikula. Nililia sana, nikasonga ugali, nikala wote, nikalala mpaka asubuhi. Kile kitu kilichokuwa kimenikaba koo karibu miaka miwili kiliondoka, na hakijarudi! Huo ndio ukombozi wangu, wapendwa. Mungu alinitoa kwenye gereza nililolijenga mwenyewe, hata kabla sijajua kama nitasamehewa na mtu.

Jumamosi yake nikaenda kwa wifi Subira kuomba msamaha. Aliniacha nimesimama mlangoni. Sikumlaumu. Baadaye akaleta kigoda na ungo, akasema, "Kaa, chambua mchele." Tukachambua, tunalia wote wawili, mawe tunayaacha. Tangu hapo naenda kila Jumamosi. Elia akinisikia napiga hodi alikuwa anatokea mlango wa nyuma. Sijamkimbilia. Jana hakutoka. Alikuwa uani anatengeneza friji la mtu, akaniangalia, akaendelea na kazi. Nikarudi Boko ninaimba njia nzima.

Kwa hiyo ndugu zangu, ushuhuda wangu haujakamilika mnavyotaka nyie. Mtoto sina, mume hayupo nyumbani, na ninammisi jamani, mtaniwia radhi kusema hivyo kanisani! Ninatamani nimsikie tena anauliza bei ya kitu asichonunua, kwenye mji tusioujua. Lakini ninamshukuru Mungu, maana sasa anayesubiriwa anajua ukweli wote, na anayemsubiri hana kitu cha kuficha. Wewe uliyekaa hapo na neno ulilomficha mwenzio, mwamini Yesu, mwambie leo. Itauma. Itauma sana! Ila utalala.

Naona nimechukua muda. Wifi yangu Subira yule pale, kwenye benchi la pembeni, simama wakuone. Amekuja kutoka Gongo la Mboto asubuhi yote hii. Nilipomkaribisha pale mlangoni ameninong'oneza kwamba kaka yake amemuuliza ibada ya Boko inatoka saa ngapi. Nimemwambia saa sita. Mchungaji, baba yangu, najua huwa tunavuka muda, lakini leo nakuomba, kwa unyenyekevu kabisa, tutoke saa sita.