Marehemu Fundi Mmanga bin Jecha, Mjazaji Risasi wa Malindi

Wasifu huu umesomwa na mpwa wake, Miraji bin Usi, katika khitma ya siku ya tatu, Kiembe Samaki, Alhamisi, 20 Novemba 1958.

Marehemu Fundi Mmanga bin Jecha alizaliwa Mkokotoni tarehe 3 Machi 1914, mtoto wa pili wa Mzee Jecha bin Mmanga na Bi Sichana binti Matar. Alihitimu Kurani hapo hapo kijijini akiwa na miaka kumi, kisha akaletwa mjini kwa shangazi yake, Vikokotoni, akasoma skuli hadi darasa la nne.

Mwaka 1928 alipelekwa Malindi kujifunza kutengeneza bunduki kwa Fundi Msabah. Mwaka wa pili, gobori lililoshindiliwa baruti kupita kiasi lilipasuka mkononi mwa mwalimu wake. Fundi Msabah alipofuka jicho la kulia, na Mmanga ndiye aliyemshika mkono mpaka hospitali huku damu ikimchirizikia kanzuni. Khofu ilimwingia siku ile na haikumtoka tena. Kazi hakuiacha, ila aliifanya akiogopa.

Tarehe 12 Agosti 1939 alimuoa Bi Mwanakhamis binti Mcha, wakajenga hapa Kiembe Samaki. Bi Mwanakhamis husimulia kuwa siku ya saba ya harusi alimkuta mumewe uvunguni mwa kitanda.

"Unatafuta nini huko?"

"Natazama kama kuna kilicholegea."

Bi Mwanakhamis alicheka mpaka mawifi wakaja mbio.

Kazi yake kubwa ilikuwa katika duka la bunduki la Bwana Jayantilal, Malindi. Mwaka 1954 duka liliagiza mashine ya kujazia risasi za bastola. Maganda matupu hupangwa kwenye sahani ya chuma. Kila mkono wa mashine ukivutwa, sahani husogea hatua moja na kalibu za juu hushuka pamoja: moja hunyoosha ganda, nyengine hutia baruti, nyengine hukandamiza kichwa cha risasi. Kalibu huzungushwa kama parafujo, kisha hukazwa kwa nati. Ikishuka kidogo tu kuliko inavyotakiwa, kichwa huzama mno, baruti hukosa nafasi, na bastola inaweza kumpasukia mwenyewe. Kuzirekebisha ilikuwa kazi ya Marehemu peke yake. Alizungusha robo mzunguko, akajaza moja, akaipima kwa kipimo chake cha shaba, akazungusha tena. Kila risasi kumi alisimama akapima.

Jumamosi, 8 Oktoba 1955, mabwana wanaolenga shabaha Chukwani walitaka risasi mia na hamsini jioni ile ile, za kupiga Jumapili asubuhi. Marehemu aliharakishwa, akapima kumi za mwanzo tu. Asubuhi ya Jumapili alipokwenda kupangusa mashine, nati ya kalibu ya mwisho ilizunguka kwa vidole vitupu. Alichukua risasi moja iliyosalia, akaipima. Ilikuwa fupi kwa unene wa ukucha. Aliitia mfukoni. Kisha akapanda baiskeli kwenda Chukwani.

Alipopita hapa nyumbani, Bi Mwanakhamis, mama wa Mashavu na Wanu, alikuwa mlangoni.

"Baba Mashavu, wendapi kichwa wazi?"

"Kuna mtu anakwenda kufa kwa mkono wangu!" Wala hakusimama.

Milio aliisikia tokea mbali. Kila mlio uliopita bila ukelele ulimpa pumzi ya kwenda mbele kidogo. Mabwana walikuwa wameziba masikio kwa pamba. Aliita, hakuna aliyegeuka. Bwana Dawood, muuza vitambaa, alikuwa ameshanyanyua bastola. Marehemu alitupa baiskeli, akakimbia, akaingia baina ya bastola na ubao wa shabaha.

"Fundi! We mwendawazimu? Ningekuua!"

"Afadhali uniue kuliko ikupasukie usoni! Risasi zangu mbovu. Nshapima, mbovu!"

Alizitoa sita zilizokuwemo, kwa haraka hata mbili zikaanguka mchangani, akaziokota, akazipima zote. Nne zilikuwa fupi. Bastola ilipotazamwa juani ilionekana na ufa mwembamba kama unywele. Bwana Dawood aliutazama ufa ule, akakaa chini pale pale.

Risasi zilizosalia zilikusanywa zote isipokuwa tatu, na hakuna aliyejua zilikokwenda. Marehemu alizitafuta Chukwani kwa miezi, akichuja mchanga kwa chekeche. Kila alipoambiwa mtu kaumia, popote, aliuliza kwanza, "Kwa bastola?"

Mei 1957 alishikwa na maradhi ya moyo. Kitandani, vidole vyake vilikuwa vikizungusha ukingo wa godoro, robo, robo, mpaka binti yake Wanu amshike mkono. Bwana Dawood alikuja kumtazama siku mbili kabla hajafariki.

"Zile tatu, Bwana Dawood?"

"Miaka mitatu sasa, Fundi. Hajaumia mtu."

"Mpaka leo," akasema Marehemu.

Alifariki Jumanne, 18 Novemba, baada ya sala ya Adhuhuri, akazikwa Alasiri siku hiyo hiyo.

Ameacha mjane, Bi Mwanakhamis. Mabinti wawili, Mashavu na Wanu. Dada yake, Bi Mwatima. Na sisi wapwa zake. Aliusia jambo moja, nasi tunalitimiza mbele yenu: atakayeokota risasi za bastola Chukwani au njiani kwendako, asizipige, asimpe mtu. Azilete nyumba hii, hata ikipita miaka ishirini.

Mola amwondolee khofu kaburini mwake, na ampe amani aliyoikosa duniani. Amin.