Jino Langu Lilihesabiwa

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, waheshimiwa wahadhiri, ndugu wahitimu wa shahada ya uzamili ya tiba ya meno inayofuata ushahidi wa utafiti, ndugu wageni waalikwa, na mama yangu uliyekaa karibu na mlango: shikamooni nyote.

Nimeombwa niseme kwa niaba ya wanafunzi wa shule yetu, ambao meno yetu yalitumika katika utafiti wa wahitimu hawa. Mwalimu wangu alinionya kwamba msemaji hasemi anaogopa. Mwalimu, unisamehe. Naogopa, na sababu si kipaza sauti.

Nilipokuwa darasa la tano, gego langu la chini lilitoboka. Daktari mmoja wa wahitimu hawa, tuliyempachika jina la Dada Tochi kwa sababu ya taa anayovaa kichwani, alitueleza kwamba uozo umekaribia neva. Wako madaktari wanaochimbua uozo wote, na wako wanaoacha kidogo kule chini na kuziba juu yake, ili neva isiguswe.

"Sasa ipi ni bora?" mama akauliza.

"Sijui, mama."

"Hujui wewe, au haijulikani?"

"Vitabu vinabishana. Ndiyo maana tunawagawa watoto kwa kura, kila mmoja apate njia yake, kisha tuone."

Mama alikubali, lakini njiani alinung'unika: "Nimekaa foleni asubuhi nzima niambiwe sijui? Sijui hata nyumbani ninayo, tena bure."

Kura yangu ikaangukia kuachiwa uozo. Mwaka uliofuata shavu likavimba. Neva ilikuwa imekufa, na jino likang'olewa.

Ndugu wahitimu, hapo ndipo ninapotaka kuwasifu. Nikiwa bado kwenye kiti, mdomo umejaa pamba, nilimsikia mwenzenu mmoja, ambaye simtaji, akimnong'oneza Dada Tochi: "Huyu mtoe kwenye hesabu. Anakula pipi, atatuharibia matokeo."

Dada Tochi akajibu bila kugeuka: "Pipi wanakula wote. Jino lake limekufa mikononi mwangu, linahesabiwa."

Kisha akaja nyumbani kumweleza mama ana kwa ana.

Leo tumesomewa hapa matokeo ambayo sisi wa shule tuliambiwa tangu jana. Walioachiwa uozo wamebaki na meno yao kwa wingi kuliko waliochimbuliwa. Je, nimefurahi? Nimefurahi, na nimeogopa zaidi, kwa maana mdogo wangu wa kike ametoboka gego lile lile, na Jumatatu atakaa kwenye kiti kile kile, na njia iliyo bora kwake, kwa ushahidi wenu, ndiyo ile ile ambayo mimi haikunifaa. Asubuhi hii mama aliacha kunifunga nywele, akaniuliza, "Wewe ndiye uliyeyapitia. Unasemaje?"

Ningemjibu nini? Niamini pengo langu, ambalo nalipapasa kwa ulimi kila siku, au niyaamini meno ya watoto wengi ambao sijawahi hata kuwaona?

Nilimjibu kwamba aende. Nilisema hivyo kwa sababu nawajua waliohesabu. Ikiwa walilihesabu hata langu lililowatia aibu, basi hayo mengine hawakuyatunga. Lakini nilisema huku ulimi ukilipapasa pengo, na mama aliona.

Sasa mnakwenda kwenye zahanati na hospitali ambako wagonjwa watawadai majibu ya haraka, na vyeti vyenu vitakuwa vimetundikwa ukutani, vikiwatazama. Naogopa mtaanza kuona haya kusema hamjui. Mtaona haya? Na mkiona haya, sisi wenye meno mabovu tutamwamini nani?

Dada Tochi, Jumatatu mdogo wangu atakuuliza kama jino lake litapona, maana huyo huuliza kila kitu, hata kwa nini kiti kinapanda. Usimwambie ndiyo. Mwambie kwamba mengi hupona, na kwamba la dada yake halikupona. Kisha, kabla hujavaa glavu, mshike mkono mmoja. Wa pili nitaushika mimi.

Wakubwa zangu, asanteni kwa kunipa masikio yenu.