Marehemu Iŋgá Somby na Herufi Iliyosogeza Dozi

Marehemu Iŋgá Somby alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Kautokeino, kaskazini mwa Norwe, mtoto wa tatu wa wafugaji wa kulungu wa nchi za baridi.

Mwaka 1958 aliingia shule ya bweni. Kisami, lugha ya kwao, kilikatazwa, na mwalimu akamwandika Inga, kwa kuwa taipureta haikuwa na herufi zake. Alilizoea jina hilo hata akawa anasaini hivyo. Alihitimu hesabu mjini Tromsø mwaka 1975.

Alifunga ndoa na Oddmund Lien, seremala, tarehe 10 Juni 1978, wakajaliwa Risten na Mikkel. Mpishi alikuwa Oddmund. Marehemu mwenyewe alikiri kwamba samaki wake hawakulika.

Kwa miaka ishirini na saba aliandika programu za hospitali moja ya mkoa. Mwaka 2004 alitengeneza mfumo uliokubali herufi za Kisami, lakini aliujaribu kwa majina ya Kinorwe yasiyo na alama, akina Hansen na Olsen tu. Asubuhi ya kwanza ilitoka karatasi ya dawa ya mzee Áslat Buljo. Kompyuta ilikuwa imeihesabu Á kama herufi mbili, ikaacha nafasi pungufu baada ya jina, na namba zote zikasogea kushoto. Yuniti 5 za insulini zikaangukia kisanduku cha makumi, cha mamoja kikabaki kitupu, zikasomeka 50. Muuguzi alisita kabla ya kumchoma mzee sindano, akampigia marehemu simu kuuliza.

Mkuu wa marehemu kazini alitaka njia ya mkato. "Inga, tufute tu hizo alama. Andika Aslat, yaishe."

"Jina halina kosa," alijibu. "Kosa ni langu. Sikujaribu hata jina langu mwenyewe."

Alirekebisha programu ihesabu herufi kama jicho linavyoziona, kisha akaenda kumwomba mzee radhi.

"Kumbe ni wewe uliyetaka kunimaliza, binti yangu," mzee alisema. "Haya, kaa. Kahawa bado ya moto."

Tangu siku hiyo alisaini Iŋgá.

Novemba 2022 aligundulika na saratani ya kongosho. Alifariki nyumbani Alta, mchana wa tarehe 3 Februari 2023, Oddmund akiwa amemshika mkono. Wiki moja kabla, alimwagiza Risten: "Usiwaache wanisifu tu. Na lile kosa lisemwe." Limesemwa.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na watoto wa hayati Áslat, ambao leo wameketi na wafiwa mstari wa mbele. Ardhi ya kwao impokee taratibu, alale salama.